Fonti ya mwandiko wa kalamu: mwongozo wa kuitumia kwenye kadi, vyeti na lebo bila kumpoteza msomaji

Pesa za korosho zikishaingia, Mtwara inaoa. Kuanzia Novemba steshenari yangu haikauki watu, na wengi wao wanakuja na simu mkononi, picha ya kadi waliyotumiwa WhatsApp ikiwa wazi. "Fundi, nataka herufi kama hizi. Hizi za kukunjakunja." Wanachokitaka ni fonti ya mwandiko wa kalamu: herufi zilizolala kidogo, zenye mikia na vitanzi, nene pale na nyembamba hapa, kila moja imeishika mwenzake.

Ninazipenda, na hakuna fonti zilizowahi kuniharibia kazi kama hizi. Baada ya hasara zote nimebaki na kanuni moja: mwandiko wa kalamu uandikie maneno ambayo msomaji anayajua hata kabla hajayasoma. Anayepokea kadi kutoka kwa shangazi yake anajua tayari nani anaolewa. Akiona "Zuhura na Hamisi" jicho linatambua umbo, halihangaiki kusoma herufi moja moja, na hapo madaha yote yanaruhusiwa. Asichokijua ni tarehe, saa, ukumbi na namba ya kutumia mchango. Hivyo viandikwe kwa herufi za kawaida.

Somo hili nililipia. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilitengeneza kadi 150 za mchango, na kwa ulevi wa uzuri nikaandika kila kitu kwa mwandiko, pamoja na namba ya simu. Tarakimu 1 ya fonti ile ilikuwa na kofia kichwani, 7 ilikuwa imenyooka. Mjomba mmoja wa bwana harusi akatuma shilingi 50,000 kwa mtu asiyemjua, na mtu huyo akazima simu. Kadi nilirudia kwa gharama yangu, na mjomba nilimlipa kidogo kidogo.

Kwanza jua unashika nini

Chukua penseli laini na karatasi. Chora mstari wa kushuka huku ukikandamiza, kisha upandishe kwa wepisi, ukigusa tu. Rudia mara kumi bila kuinua mkono, mistari ikilala kulia. Umepata siri yote ya mwandiko huu: mstari unaoshuka ni mnene, unaopanda ni mwembamba kama unywele. Kalamu za zamani zilikuwa na ncha ya chuma au ya unyoya iliyopasuliwa katikati. Ukikandamiza, ncha inatanuka na wino unamwagika kwa upana, ukilegeza, inajifunga. Mlalo wa kawaida ni nyuzi 55 hivi kutoka kwenye mstari wa chini.

Mtindo huu ulikomaa Uingereza katika karne za 17 na 18. Walimu wa mwandiko waliandika mifano, mafundi wakaichonga kwenye mabamba ya shaba ili ichapwe vitabuni. Mchongaji mmoja wa London, George Bickham, alitoa mkusanyo wa mabamba hayo kati ya 1733 na 1741. Sindano ya kuchonga shaba inaweza kutoa mstari mwembamba kuliko hata kalamu yenyewe, na ndiyo maana fonti hizi mpaka leo zina nywele zinazopotea kwenye printa.

Enzi za herufi za kuchapia zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, mwandiko huu ulikuwa mateso, maana kila herufi ilikaa kwenye kipande chake cha mraba na mkia haukuweza kuingia kwa jirani kirahisi. Upigaji chapa kwa picha ulipoingia, herufi zikipangwa kwa filamu badala ya vipande vya madini, Matthew Carter akachora Snell Roundhand katikati ya miaka ya 1960, akifuata mkono wa Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa Kiingereza, na herufi zikaungana kweli. Fonti nitakayoizungumzia zaidi hapa, Great Vibes ya Mmarekani Robert Leuschke, ni mjukuu wa ukoo huo, mwenye vitanzi vikubwa zaidi kwenye herufi za mwanzo.

Kuipata

Great Vibes iko kwenye tovuti ya Google Fonts, bure, chini ya leseni ya SIL Open Font License. Leseni hiyo inakuruhusu kuitumia kwenye kazi ya kulipwa, kuipachika kwenye PDF, hata kuirekebisha. Kisichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Hapo hapo utapata Alex Brush na Allura za Leuschke huyohuyo, Pinyon Script iliyo karibu zaidi na mkono wa shaba, na Tangerine iliyosimama wima zaidi. Pakua, fungua faili lililobanwa, bofya faili la ttf kwa kitufe cha kulia, sakinisha. Programu iliyokuwa wazi ifunge na uifungue upya, la sivyo utaitafuta fonti mpaka Magharibi.

Jihadhari na tovuti zinazogawa fonti "bure" halafu maandishi madogo yanasema ni kwa matumizi binafsi tu. Kadi unayolipwa si matumizi binafsi. Na usikubali kuletewa flashi yenye fonti 3,000. Nusu hazina majina ya kueleweka, na nyingine ni nakala mbovu zisizo hata na alama ya nukuu.

Ijaribu kwa Kiswahili kabla hujamwonyesha mteja

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo kazi inapoharibikia. Fonti hizi zimechorwa na kujaribiwa kwa Kiingereza. Tovuti inakuonyesha sentensi ya Kiingereza inayopendeza, wewe unaandika "Mwanahamisi" na M inakuwa na mguu wa tatu unaoikanyaga w.

Fungua ukurasa mtupu, weka fonti pointi 48, uandike haya: Mwaliko, Mwajuma, Kwa heshima, Bw. na Bi., Njoo, Shukrani, Ndugu, Dhahabu, Ghati, Ng'ombe, Issa, Juma, Lindi, Salumu, Tandahimba, Fatuma. Sasa angalia mambo matatu.

La kwanza ni muungano wa herufi kubwa na ndogo mwanzoni. Kiswahili kimejaa Mw, Kw, Bw, Nj, Nd, Ng. Kwenye fonti nyingi za mwandiko herufi kubwa haziungani na ndogo, zinasimama pembeni. Si kosa, ila pengo lisiwe kubwa kiasi cha kusomeka "M waliko". Ukiona pengo, lisogeze kwa mkono katika programu yako ya usanifu: kwenye CorelDRAW bonyeza F10 uburute herufi yenyewe, kwenye Illustrator weka kishale kati ya herufi mbili, bonyeza Alt na mshale wa kushoto. Sogeza mpaka jicho litulie. Hakuna namba ya kukupa hapa.

La pili ni mapacha. Katika mwandiko wa aina hii I na J ni ndugu, L na S ni ndugu, T na F ni mapacha kabisa. Nilishawahi kumwonyesha sampuli mama mmoja wa Newala aliyekuja kuozesha binti yake Lindi. Akaishika karatasi mbali, akaivuta karibu, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hii Sindi iko wapi?" Tangu siku hiyo jina la mji siliandiki kwa mwandiko. Na jina la mtu likianza na herufi pacha, mfano Issa, najaribu fonti nne kabla ya kuchagua. Fonti ambayo Issa inasomeka Jssa haifai kwa harusi ya Issa, hata ikiwa nzuri namna gani.

La tatu ni ng'. Huku kusini majina yenye ng' hayapungui, na kile kialama ndicho kinachosahauliwa na wachora fonti. Mara kinaning'inia mbali, mara kinagongana na kitanzi cha herufi inayofuata. Hakikisha pia ni alama iliyopinda, si kile kijiti kilichosimama wima, maana kijiti katikati ya mwandiko uliolala kinaonekana kama mwiba. Kama fonti haina alama nzuri, iazime kwenye fonti nyingine ya mlalo unaofanana.

Kuna habari njema pia. Maneno yetu yanaishia na irabu karibu yote, na irabu ya mwisho, a au i au u, ina kamkia kanakoelekea kulia. Ukiweka jina katikati ya kadi, mkia huo unalifunga neno kwa utulivu. Na kati ya majina mawili huna haja ya ile alama ya & iliyojikunja kama pweza. Andika "na". Herufi mbili fupi, hazina shingo wala mguu, zinaungana bila ugomvi. Iweke ndogo kidogo kuliko majina, kwenye mstari wake.

Ukubwa, nafasi, na mambo manne yasiyofanywa

Herufi ndogo za Great Vibes ni fupi sana ukilinganisha na vitanzi vyake. Pointi 12 za fonti hii ni mchanga machoni. Anza na mara mbili ya ukubwa ambao ungeutumia kwa fonti ya kawaida, kisha ongeza. Chini ya pointi 20 kwenye karatasi mimi siitumii kabisa.

Usiandike neno zima kwa herufi kubwa. Herufi kubwa za mwandiko zilichorwa zianze neno, si zikae pamoja. HARUSI kwa fonti hii ni waya wa umeme uliofumuka. Usitanue nafasi kati ya herufi, maana zile zilizoshikana zinaachana na unaona ncha zikielea. Usibonyeze B ya kukoza, kwa sababu kompyuta haina uzito wa pili wa fonti hii na itaipaka tope tu. Wala usiilaze zaidi kwa kitufe cha I, tayari imelala.

Nafasi kati ya mistari iache kubwa. Miguu ya g, j, y na z inashuka chini sana, na kitanzi cha herufi kubwa ya mstari unaofuata kinapanda. "Mwajuma" juu na "Hamisi" chini: mguu wa j utaingia kifuani mwa H usipoangalia. Wakati mwingine kugongana huko ni bahati. Sukuma jina la chini kulia kidogo, mguu ukae kwenye pengo kama vile ulipangwa.

Fonti nyingine zina herufi mbadala, yaani a ya mwisho yenye mkia mrefu au M ya aina mbili. Kwenye Word bonyeza Ctrl na D, nenda ukurasa wa pili wa dirisha, ujaribu seti moja baada ya nyingine. Mkia mmoja mrefu kwa kila jina unatosha. Ukiweka mwanzoni, mwishoni na katikati, jina linageuka mzabibu.

Kadi yenyewe

Tuchukue kadi ya A5 iliyosimama, milimita 148 kwa 210, karatasi ya gramu 250 au 300. Naacha milimita 15 kila upande bila kuandika kitu. Juu linakaa tamko la familia kwa EB Garamond pointi 11: "Familia ya Mzee Fulani wa Masasi inayo furaha kukualika..." na mstari mtupu wa kuandika jina la mgeni kwa mkono. Mstari huo usiuminye, mgeni anaweza kuwa "Mwl. Mkuu na Familia".

Katikati, "Zuhura" pointi 46, "na" pointi 28, "Hamisi" pointi 46, kwa Great Vibes. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya mwandiko kwenye kadi nzima. Chini yake tarehe, saa na ukumbi kwa EB Garamond pointi 12, mwezi uandikwe kwa maneno. Namba za simu zikae chini kabisa kwa Lato nene, pointi 12, zikikatwa makundi ya tatutatu ili zisomeke kwa sauti. Hapo umetumia fonti tatu, na usizidishe.

Kwa nini EB Garamond? Kwa sababu imetulia na unene wake unahimili printa. Wengi wanapenda Cormorant, ambayo ni nzuri kwenye skrini, lakini ni nyembamba. Ukiiweka pamoja na mwandiko wenye nywele, kadi nzima inaonekana ina homa.

Mteja atakwambia, "Mbona pamebaki peupe?" Mwambie peupe ndipo majina yanapopumulia. Akisisitiza maua, weka kona moja.

Bismillahi juu ya kadi

Kadi nyingi za huku zinaanza na Bismillahi kwa Kiarabu, na hapa pana mtego mbaya. Programu za zamani hazijui kuunga herufi za Kiarabu wala kuziandika kutoka kulia. Unabandika maandishi, zinatokea zimekatika moja moja na zimegeuzwa, na kwa asiyesoma Kiarabu hakuna dalili yoyote kwamba kuna kosa. Kadi inafika kwa shehe.

Njia salama ni kutumia fonti ya Amiri, iliyofufua herufi za kiwanda cha uchapaji cha Bulaq cha Cairo. Ndani yake Bismillahi nzima ni herufi moja, namba FDFD katika Unikodi, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, kwa hiyo haiwezi kukatika. Ndani ya Word andika FDFD kisha Alt na X. Halafu ichapishe na umwonyeshe mtu wa madrasa kabla ya kutoa nakala. Uliza pia familia kama wanaitaka. Wapo wazee wasiopenda jina la Mungu kwenye karatasi itakayokanyagwa ukumbini.

Kupeleka kuchapa

Faili lisiondoke kwenye kompyuta yako likiwa na maandishi hai. Kompyuta ya mchapaji isipokuwa na fonti yako itaweka yake, na Zuhura atatokea kwa Arial. Geuza maandishi kuwa michoro: CorelDRAW ni Ctrl na Q, Illustrator ni Ctrl, Shift na O, Inkscape ni Ctrl, Shift na C. Hifadhi kwanza nakala yenye maandishi hai, kwa sababu lazima mtu atapiga simu usiku kwamba Hamisi anaandikwa "Khamis".

Sasa zile nywele. Printa ya leza ya nukta 600 kwa inchi inachora nukta yenye upana wa milimita 0.042. Mstari wa pointi 0.25 una milimita 0.09, yaani nukta mbili tu. Chini ya hapo mstari unakatikakatika, hasa ukiwa wa rangi iliyochanganywa badala ya nyeusi tupu. Dawa yangu: baada ya kugeuza michoro, naongeza mstari wa nje wa pointi 0.2 wenye rangi ileile ya herufi. Kwenye CorelDRAW ni F12. Jicho halioni tofauti, karatasi inaona. Kwa herufi nyeupe juu ya rangi ya giza ongeza mara mbili ya hapo, kwa sababu wino unatambaa kuingia ndani.

Dhahabu ya kwenye skrini haipo kwenye printa. Itatoka rangi ya haradali, au ya uji wa ulezi. Mteja akitaka inayong'aa kweli, chapa majina kwa tona nyeusi, yaani wino wa unga wa printa ya leza, funika kwa foili inayoshika tona, pitisha kwenye mashine ya kulaminisha yenye joto. Foili inakamata palipo na tona tu. Nywele nyembamba hazikamati vizuri, kwa hiyo hapa mstari wa nje uwe mnene zaidi.

Jambo moja la pwani: karatasi nene iliyokaa wazi karibu na bahari inavuta unyevu, inajikunja, na tona inabanduka kwenye kunjo la kadi. Acha pakiti imefungwa mpaka saa ya kuchapa.

Nje ya kadi

Fulana na sare za vikundi vya akina mama: kama zinakatwa kwa vinili, sahau fonti zenye nywele. Mstari chini ya milimita moja unachanika wakati wa kubandua. Chukua Alex Brush, yenye mwili wa brashi, au badili mtindo kabisa. Bango la ukumbini vilevile. Herufi ya kawaida yenye urefu wa sentimita 2.5 inasomeka vizuri kwa mita 3 hivi. Mwandiko uzidishe hadi mara mbili ya hapo, na pima herufi ndogo, si kitanzi cha herufi kubwa.

Lebo za korosho za kubangua nyumbani zinapendeza kwa jina la bidhaa tu kwa mwandiko. Uzito, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mzalishaji ni vitu vya kusomwa, viandike wima. Kanga ziliyajua haya zamani. Jina la kanga huwa kwa herufi kubwa zilizosimama, kwa sababu linatakiwa lisomwe na jirani anayepita, na ikibidi limchome.

Vyeti vya shule ndiyo kazi yangu ya Oktoba na Novemba. Mwalimu analeta majina kwenye Excel, yote kwa herufi kubwa, na tumeshaona herufi kubwa zinafanya nini. Kwenye safu ya pembeni andika =PROPER(A2) uburute mpaka chini; majina yatabaki na herufi kubwa mwanzoni tu. Lakini pitia kwa macho kila jina lenye ng', maana Excel inaona kile kialama ni mwisho wa neno na kukuza herufi inayofuata: Nang'ondo inakuwa Nang'Ondo. Mwaka jana nilikuta kumi na moja kwenye orodha ya darasa moja. Niliyarekebisha kwa mkono, kisha nikaenda kutafuta jina refu kuliko yote, nikalipima kwenye cheti kwanza, na ukubwa uliolitosha hilo ndio nikawapa wote.